Warumi, Wagalatia, Filemoni au Mifano ya Yesu: Jumuiya Yenu Ianzie Wapi Kusoma Habari za Neema?

Jumuiya ikimaliza kitabu kimoja na kutafuta kingine, hakosi mtu wa kusema, "Safari hii tusome habari za neema." Wote wanaitikia amina, halafu kinafuata kimya. Neema tunaianzia wapi? Kiongozi aliyebanwa na muda hujibu Warumi, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama. Hapa Bagamoyo, iwe Magomeni, Dunda au Nianjema, ibada ya nyumba kwa nyumba hukusanya watu wa kila namna: mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, mama anayekaanga samaki, mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, fundi seremala ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kitabu kinachomkesha mmoja kinamlaza mwingine.

Hapa ninalinganisha vitu vinne: Waraka kwa Warumi, Waraka kwa Wagalatia, Waraka kwa Filemoni, na mifano michache ya Yesu iliyomo kwenye Mathayo na Luka. Waefeso nitaigusa kidogo tu, na sababu nitaitoa. Nina upande wangu katika jambo hili na sitauficha.

Tukubaliane kwanza kipimo. Kwamba neema ni Mungu kumpa mtu asichostahili, bure, kabla hajafanya lolote la kumpendeza, hilo halina ubishi kanisani. Waefeso 2:8-9 tunaijua kwa kichwa: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Muulize Mkristo yeyote Jumapili mchana, atakujibu sawasawa. Muulize Jumanne usiku, mtoto ana homa kali na hela ya dawa imekwisha, utasikia hesabu nyingine kabisa. Labda ni ile ahadi ya jengo sijaimaliza. Labda ni kwa sababu wiki hii sikuamka kuomba. Labda ni lile neno nililomtamkia mama mkwe.

Basi kipimo changu ni hicho: andiko gani linamfikia yule mtu wa Jumanne usiku? Nimetazama pia urefu, maana watu wana kazi zao. Nimetazama kama mtu anayesomewa tu, bila kitabu mkononi, anaweza kufuata. Na nimetazama hatari, kwa kuwa hakuna andiko la neema lisiloweza kupindwa.

Warumi: ndani kuna kila kitu, ila ni safari ndefu

Sura 16, aya 433. Hakuna mahali pengine katika Agano Jipya ambapo hoja ya neema imepangwa hatua kwa hatua namna hii: wote wametenda dhambi (sura ya 1 hadi 3), wanahesabiwa haki bure (3:24), Ibrahimu naye hakuwa na njia nyingine (sura ya 4), Adamu na Kristo (sura ya 5), mapambano na dhambi (ya 6 na ya 7), Roho (ya 8), habari ya Israeli (ya 9 hadi 11), kisha mwenendo wa kila siku. Augustino alikutana na aya za Warumi 13 bustanini Milan mwaka 386 na maisha yake yakageuka. Martin Luther alifundisha waraka huuhuu Wittenberg mwaka 1515 na 1516, kabla hajajulikana na mtu. Mwenye kutaka kujua kwa nini Wakristo husema wanavyosema juu ya neema, ataishia hapa tu.

Na kuna aya ambazo kibarua anazielewa kabla ya mtaalamu. 4:4 inasema: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Aliyewahi kuzungushwa na tajiri wake mwisho wa wiki, njoo kesho, njoo keshokutwa, haambiwi maana yake.

Lakini tazama mwendo. Kutoka 1:18 mpaka 3:20 ni aya 64 za mashtaka. Kikundi kinachosoma nusu sura kwa wiki kitakaa zaidi ya mwezi kinasikia habari za hasira na hukumu kabla ya kufika kwenye lile "bure" la 3:24. Aliyekuja akiwa amejichoka tayari, labda ana mtoto wa nje asiyemtaja, labda ana deni la kausha damu na mwanga wa simu unamtia hofu, atahudhuria mara mbili na ya tatu hamtamwona. Ameshajua kwamba ni mwenye dhambi. Alikuja kutafuta neno linalofuata. Kosa hapa ni letu, maana Paulo aliandika barua ya kusomwa mbele ya watu kwa mkupuo, na Fibi wa Kenkrea, ambaye wengi huamini ndiye aliyeibeba, hakupeleka Rumi nusu sura kwa wiki.

Jambo jingine ni lugha. Katika tafsiri ya zamani ya Biblia, Union Version, msomaji wa 5:12-21 akisoma kwa sauti ataishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye nukta. Tafsiri nyepesi ya Habari Njema inasaidia sana, na sioni kwa nini wazee wengine huiona kama uji wa watoto. Sura ya 9 hadi ya 11 nazo zinamtaka mtu awe na Agano la Kale kichwani. Asiyekuwa nalo ataduwaa tu.

Mifano ya Yesu: aya 69 zinazotosha mwezi mzima

Nazungumzia minne: mtumwa asiyesamehe (Mathayo 18:21-35), vibarua wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:1-16), Luka 15 yote, alimo mwana mpotevu, na Farisayo na mtoza ushuru (Luka 18:9-14). Jumla ni aya 69, karibu sawa na yale mashtaka ya Warumi peke yake.

Faida ya kwanza ni kwamba haihitaji kusoma. Mtu husikia mara moja na kesho anamsimulia mwenzake sokoni, bila kuharibu kitu. Faida ya pili ni kwamba mifano hii inachokoza. Mafundisho mtu huyaitikia amina akaendelea kupepea. Hadithi inamfanya abishe, na anayebisha amesikia.

Chukua vibarua wa Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Saa hizo ni zetu hasa, wala hakuna haja ya kuzigeuza: saa kumi na moja jua limelainika, imebaki saa moja kazi ifungwe. Wakati wa malipo wote wanapewa dinari moja moja. Tulipousoma nyumbani kwa mtu hapa Magomeni, mama mmoja mkaanga samaki aliweka mkono shavuni akasema, "Mwalimu, samahani. Huyo bwana kesho alfajiri atampata nani? Mimi kama ni mimi, nitafika saa kumi na moja jioni." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa ameona kitu ambacho wengi tuliotikisa vichwa hatukukiona: biashara haiendeshwi hivi. Mwenye genge akifanya hivi atafunga kwa wiki moja.

Aliyemjibu alikuwa kijana mmoja ambaye huenda kwenye majengo yanayojengwa kutafuta kazi ya kubeba zege. Alisema, "Mama, rudia pale wanapoulizwa kwa nini wamesimama bure." Tukarudia. Jibu lao liko 20:7: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamesimama tangu asubuhi na kila fundi aliyepita alichagua mwingine mwenye mwili zaidi. Kijana yule analijua jua la saa nane la mtu ambaye hajachaguliwa na nyumbani wanamsubiri aje na unga. Baada ya hapo maelezo yangu yote yalikuwa ya ziada.

Kinachouma katika mfano huu ni lalamiko la 20:12, "umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa." Hawakuibiwa. Dinari waliyopatana wameipata yote. Kilichowachoma ni kusawazishwa. Nimewahi kuona sura hiyohiyo kanisani pale mtu aliyeokoka juzi alipopewa nafasi ya kusoma somo na wazee wa siku nyingi wakatazamana.

Mathayo 18 unataka kalamu na karatasi. Talanta moja ilikuwa kiasi cha dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa siku. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta 10,000, ndiyo kusema dinari 60,000,000. Tuseme kibarua anapata shilingi 10,000 kwa siku: deni hilo ni shilingi bilioni 600. Akifanya kazi siku 300 kila mwaka na asile kitu, atalimaliza kwa miaka 200,000. Na bado anapiga magoti anasema nivumilie, nami nitakulipa yote pia! Bwana wake hamwongezei muda. Anamfutia. Akitoka nje anamkaba koo mwenzake anayedaiwa dinari 100.

Hapa wahubiri wengi hukosea kwa kusema dinari 100 ni vijisenti. Si vijisenti. Ni siku 100 za kazi, ni shilingi milioni 1 kwa hesabu yetu. Mtu akila milioni yako ya kikoba na kuhamia Dar, hiyo si hela ya kumwambia mtu "samehe tu, mpendwa" kisha ukaomba mlo wa jioni. Mfano haukuambii kwamba ulichodhulumiwa ni kidogo. Unakuambia ukiweke kando ya bilioni 600. Mimi binafsi nikitaka kujua kama mtu ameelewa neema, simuulizi Waefeso 2. Namsikiliza anavyomtaja mtu anayemdai.

Luka 15 watu wanaijua mno, na wanaijua nusu. Mwana mdogo tumemhubiri mpaka nguruwe wamechoka. Tumieni jioni nzima kwa mkubwa. "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wo wote, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi." Anaongea na baba yake kama mwajiriwa anayedai posho. Ndiye mweka hazina wetu, ndiye mwalimu wa kwaya, ndiye sisi tuliolelewa kanisani tangu tukiwa mgongoni. Hadithi inakatika kabla hatujaambiwa kama aliingia ndani au alibaki uani na hasira zake, na kikundi chenye ujasiri kitaulizana hilo kwa majina. Farisayo wa Luka 18 ni ndugu yake huyo. Aya sita tu, zisomeni zinatosha.

Upungufu wa mifano upo na si mdogo. Mtu anaweza kusoma yote minne na kuondoka na Mungu mpole asiyejali, baba anayesamehe kwa kuwa hapendi makelele. Mifano inaonyesha moyo wa Mungu, ila msalaba haiuelezi. Kwa nini kusamehe kulimgharimu? Kwa hilo unahitaji Paulo.

Wagalatia: barua ya mtu aliyekasirika kwa haki

Sura 6, aya 149. Ukisoma kwa sauti bila kukimbia humalizi nusu saa. Paulo ana desturi ya kuanza barua kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wasomaji wake. Hapa ameruka. Anasalimia, halafu anawashangaa. Walikuja watu nyuma yake wakawaambia wale wa Mataifa kwamba kumwamini Kristo hakutoshi, ni lazima watahiriwe na kushika sheria. Hata Petro aliteleza: kule Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga (2:11-14). Nauthamini mkasa huu kwa kuwa unahusu sahani. Neema ilipimwa mezani, kwa nani anakaa na nani. Tazameni msiba wowote au harusi yoyote, nani ametengewa turubai na nani ameachwa chini ya mwembe, mtakuwa na somo la wiki nzima.

Aya ya kuitafakari polepole ni 3:1 na 3:3: "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga..." na kisha, "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Ndiyo hali yetu. Tunaingia bure, halafu tunaanza kulipia. Mafuta ya chupa hii, maji ya chupa ile, kitambaa cha kuweka chini ya mto, mbegu ya kiasi fulani upande ili mlango ufunguke. Simcheki anayenunua, mwenye mtoto mgonjwa atanunua chochote. Lakini baraka ikishakuwa na bei, Paulo ana neno gumu kuhusu hilo, nalo ni 2:21: "Siibatili neema ya Mungu, maana ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure."

Wagalatia pia ndio dawa bora kwa yule mwingine, anayesema "neema ipo" huku akiwa na nyumba ndogo Kerege. 5:13 inamkata kauli: uhuru usiwe sababu ya kuufuata mwili. Warumi 6:1 inasema hivyohivyo, "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!", lakini kuifikia huko ni mwendo, huku ni kurasa chache tu.

Hatari zake ni mbili. Kwanza, hasira ya Paulo inaambukiza. Baada ya wiki ya pili kikundi kinageuza waraka kuwa fimbo ya kupigia makanisa mengine, kila mmoja anajua Wagalatia wa mtaa wa pili. Kiongozi asimame hapo. Pili, hapa pwani vijana watauliza, na wana haki kuuliza: basi jando ni dhambi? Wengi wetu tumepitia, na majirani zetu Waislamu hivyohivyo. Wapelekeni 5:6 na 6:15, ambapo Paulo anasema kutahiriwa hakufai kitu wala kutotahiriwa. Kinachofaa ni imani itendayo kazi kwa upendo, ni kuwa kiumbe kipya. Anachopinga ni kuifanya tohara tiketi ya kukubaliwa na Mungu. Msipolieleza hili mapema, somo zima litaishia kwenye ubishi wa jando na majirani watadhani mnawasema wao.

Filemoni: jioni moja, na Bagamoyo ndipo mahali pake

Aya 25. Dakika tatu. Wengi wamekuwa Wakristo miaka na miaka hawajasikia mahubiri kutoka humu. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ametengana na bwana wake, akakutana na Paulo aliyekuwa kifungoni, akaamini. Sasa Paulo anamrudisha na barua mkononi. Tena barua haikuandikwa kwa Filemoni faraghani: aya ya 2 inalisalimu kanisa lililokuwa likikutana nyumbani kwake. Ilikuwa jumuiya ya nyumba kwa nyumba kama yenu, na aliyekuwa akisubiriwa kujibu alikuwa mwenye nyumba.

Neno neema lenyewe liko kwenye salamu ya kufungua na ya kufunga tu. Katikati neema inatendeka. Paulo anamwomba Filemoni ampokee mtu huyo "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa," kisha anaandika: "Na kama amekudhulumu, au unawiwa kitu naye, ukiandike hicho juu yangu. Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa." Ni kama mtu anayeingia duka la Mangi, anamkuta mwenzake ameinamishwa kichwa mbele ya daftari la madeni, anasema, "Mangi, ya huyu iandike kwangu," na Mangi anachora mstari. Deni halikusemwa halipo. Limehama ukurasa. Lile swali lililobaki kwenye mifano, kwamba kusamehe kunamgharimu nani, hapa lina jibu ambalo mtoto wa darasa la nne analishika.

Sasa, kuisoma Filemoni Bagamoyo si sawa na kuisoma mahali pengine. Misafara ya pembe na watu kutoka bara iliishia kwenye fukwe hizi. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misheni hapa, wakawa wanawakomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, na kuanzisha kijiji cha Kikristo cha watu huru. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Aliyekombolewa hakutoa hata pesa moja, mwingine alilipa. Ukitaka kumfundisha kijana ukombozi, mpeleke pale misheni, pita naye chini ya miembe, ingia naye makumbusho atazame minyororo, kisha msomee Wagalatia 5:1: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Ila msikimbilie kufunga somo. Waliokombolewa pale waliishi kwa ratiba na sheria za misheni, wakifanya kazi mashamba ya misheni. Siwahukumu wale mapadre, wengi wao walizikwa hapahapa wakiwa vijana kwa sababu ya homa. Lakini swali linabaki mezani: aliyenunuliwa uhuru, anadaiwa na aliyemnunua? Wanadamu tukimtendea mtu wema hatuachi kumkumbusha. Mjomba aliyekulipia ada, kila mkikutana kwenye harusi anataja. Mkristo wa Jumanne usiku amempa Mungu tabia za mjomba huyo. Anadhani mtoto ameugua kwa sababu mjomba amekasirika.

Udhaifu wa Filemoni ni ufupi wake. Peke yake haitoshi. Pia Paulo hasemi waziwazi "mwache huru", na mtu ataliuliza hilo. Kwa mji huu lisipoulizwa ndipo nitashangaa. Msiwajibu haraka.

Kuhusu Waefeso

Sura 6, aya 155, na 2:1-10 ni fungu zuri kupita maelezo. Tatizo ni mazoea: tumelisikia mno mpaka sikio linalala. Na tunakatia kwenye aya ya 9, tukiiacha ya 10 inayosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Litumieni kama fungu la kukariri, lote mpaka aya ya 10, huku mkisoma kitu kingine.

Mkiwa mchanganyiko

Familia nyingi za hapa mama ni Mkatoliki, baba Mlutheri, binti amehamia kwa walokole. Mkigusa neema na matendo, mnaogopa moto utawaka. Inasaidia kujua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayetuwezesha na kutuita kutenda mema. Wamethodisti waliungana nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki, zipo, lakini anayesema "Wakatoliki hawaamini neema" au "Walutheri hawajali matendo" yuko nyuma ya habari.

Mtu ataleta Yakobo, "imani pasipo matendo imekufa". Mpokeeni vizuri. Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 15:10 anasema kwa neema ya Mungu amekuwa alivyo, na papo hapo anasema alifanya kazi kupita wote. Kwa vikundi vya namna hii mifano ndiyo mlango mzuri zaidi, kwa kuwa haina historia ya ugomvi kati ya makanisa, na kila mtu anashindwa nayo kwa zamu.

Basi chagueni

Kwa jumuiya ya kawaida, yenye wasomaji wachache na watu waliochoka jioni, mimi nachagua mifano bila kusita. Mfano mmoja kwa wiki, wala msizidishe. Wiki ya tano Filemoni, jioni moja, msiigawe. Kisha Wagalatia, sura kwa wiki.

Mkiwa na vijana wengi ambao tatizo lao si hofu bali mzaha, geuzeni: anzeni na Wagalatia, hasa sura ya 5, na muongeze Tito 2:11-12, ambapo neema yenyewe ndiyo inayofundisha kukataa ubaya. Hao ukiwaanzia na mwana mpotevu watafurahia sherehe na kusahau zizi.

Mkiwa na jioni moja tu, labda kwenye maombolezo au mgeni amepita, Filemoni. Kwa watoto nyumbani, Luka 15. Kwa mtu mmoja aliye kitandani Muhimbili au kwingine, anayedhani ameadhibiwa, msipeleke hoja. Msomeeni Luka 18:13, ile sala fupi ya mtoza ushuru, kisha mkae naye.

Warumi iacheni kwa mwaka unaofuata, mkishazoeana kiasi cha mtu kukiri kwamba hajaelewa. Na siku mkiianza, msianze 1:18. Someni kwanza 3:21 mpaka 4:8 mara mbili, mlale nayo wiki nzima, ndipo mrudi nyuma kwenye zile aya 64.